Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: Tunaomba bati la hosteli ya wasichana kabla ya Julai

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote naomba uipokee barua hii, ingawa safari hii sikuipitisha kwa Mtendaji wa Kijiji na kisha kwa Mtendaji wa Kata kama nilivyozipitisha zile tatu zilizotangulia. Zile ziligongwa mihuri yote inayotakiwa, nikazifuatilia kwa baiskeli hadi masjala, na kila mara nilijibiwa kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Sikuwa na nia ya kuandika hadharani. Nimefikishwa hapa na jambo lililotokea Jumanne ya wiki iliyopita, nami nitalieleza kama lilivyokuwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha nne katika shule ya sekondari ya kata yetu. Huku kwetu kusini mjomba ndiye mwenye mtoto, hivyo mambo ya shule yake yako mikononi mwangu tangu alipokuwa darasa la tatu. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilometa 9. Huamka saa 10 kasorobo alfajiri ili awahi namba saa 1 na nusu asubuhi, na jioni huirudi njia ileile, kilometa 18 kwa siku, 90 kwa wiki, bila kuhesabu Jumamosi za masomo ya ziada. Katikati ya njia hiyo kuna korongo ambalo wakati wa kiangazi huvukwa kwa miguu mikavu, lakini mwezi Machi hakuna mtu mzima anayelivuka bila kwanza kusimama na kutafakari.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha mchana kutwa. Walirudi wasichana wanne, wawili wao wa kidato cha kwanza. Mpwa wangu alitangulia akipima kina kwa fimbo, kisha akarudi kumbeba mgongoni mdogo wa kwanza, akamfikisha, akarudi tena kumchukua wa pili. Katika safari hiyo ya pili mguu uliteleza kwenye jiwe. Mtoto alimshika shingo, wote wawili wakazama na kuibuka, na aliyewaokoa ni mti wa mvule ulioangukia majini tangu mwaka jana, ambao waliushika hadi mchunga mbuzi alipowafikia. Begi la mpwa wangu lilichukuliwa na maji, likapatikana baadaye limenasa kwenye matete.

Alifika nyumbani saa 2 usiku. Aliniamkia shikamoo kama siku zote, akaniomba radhi kwamba hakuwahi kuchota maji, kisha akaomba ufagio wa chelewa. Nilidhani anataka kufagia. Alichomoa njiti moja, akaketi chini mbele ya taa ya sola, akaanza kuzitenganisha kurasa za madaftari yake moja baada ya nyingine kwa ncha ya njiti ile, polepole, ili zisichanike. Daftari la Kemia alilikomboa karibu lote. La Baiolojia lilipoteza nusu. Lililomtoa machozi ni daftari dogo la jalada la kijani ambalo si la somo lolote la shule, na hilo naomba nikueleze, kwa sababu pengine ndilo litakaloeleza mtoto huyu ni nani.

Miaka miwili iliyopita nilimpeleka kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Wenzake walitaka kuona ng'ombe wakubwa. Yeye alisimama kwenye banda la watafiti wa korosho hadi nikachoka kumsubiri, kwa kuwa walimruhusu kuchungulia kwa hadubini jani lililoshambuliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa ambao kila mkulima wa huku anaujua kwa namna unavyoyafunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe na kuyakausha kabla hayajashika tunda. Tangu nazaliwa nimeuona ubwiriunga. Sikuwahi kujua kwamba ni kuvu, kitu chenye uhai kinachokua na kuzaliana juu ya jani, mpaka mtoto huyu aliponieleza njia nzima tulipokuwa tunarudi.

Msimu uliofuata aliniomba mikorosho mitano ya nyuma ya nyumba. Akaifunga vitambaa vya rangi tofauti, mingine akaipulizia salfa mara tu maua yalipochomoza, mingine akachelewesha kwa wiki moja na kwa wiki mbili, na kila Jumapili alihesabu vikonyo vilivyoshambuliwa na vilivyo salama akaandika. Hilo ndilo daftari la kijani. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Kutokana na daftari hilo wazee watatu wa kitongoji chetu wamebadilisha siku ya kuanza kupulizia, na yeye ndiye aliyewaandikia vipimo vya salfa kwa herufi kubwa, akabandika karatasi ndani ya milango yao. Wakati wa minada ya ufuta na korosho nyumba yangu hujaa watu wanaomletea stakabadhi na jumbe za malipo awasomee, naye huwasomea wote, hata siku ambazo ana mtihani kesho yake.

Anataka kusoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hataki kuishia kwenye shahada ya kwanza. Ameshaliandika neno "uzamivu" ukutani juu ya kitanda chake kwa mkaa. Anataka kuwa mtafiti pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ashughulike na magonjwa ya mikorosho yetu. Ameulizia tahasusi za kidato cha tano zenye Kemia na Baiolojia, na amenionesha kwenye ramani kwamba akipangiwa shule ya wasichana ya Kilakala atakuwa tayari yuko Morogoro, mji mmoja na chuo chenyewe. Mtoto aliyepanga maisha yake hivyo anahitaji kufika mtihani wa taifa wa mwezi Novemba akiwa hai na akiwa amelala usingizi wa kutosha. Hatuombi zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye hosteli.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi iliyochaguliwa na mkutano wa vijiji vinne. Daftari la michango ninalo. Kaya 214 zilichangia shilingi 15,000 kila moja, na zile ambazo hazikuwa na fedha zilileta mchanga, mawe na maji. Kuna bibi mmoja, ambaye hana mjukuu hata mmoja katika shule ile, aliyeleta ndoo 40 za mchanga kwa kichwa, na nimeziandika zote 40. Tulijenga boma la vyumba 8 hadi kwenye lenta. Kwa mujibu wa makubaliano yetu na Halmashauri, nguvu za wananchi zilikuwa zikomee hapo, na Halmashauri ipaue.

Mwezi Julai mwaka juzi, Ndugu Mkurugenzi, ulikuja wewe mwenyewe. Ulipanda juu ya lundo la kokoto ili watu wakuone, ukatusifu, nasi tulistahili sifa hizo. Ukasema mbele ya diwani, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya wanafunzi waliopangwa mistari kwamba bati litapanda kabla ya mvua. Nililiandika neno lako katika daftari lilelile la michango, pamoja na tarehe, kwa sababu kwetu ule nao ulikuwa mchango. Mpwa wangu alikuwa katika mstari wa mbele, kidato cha pili. Jioni ile aliniuliza kama nadhani atapata kitanda cha juu au cha chini.

Mvua mbili zimepita tangu siku hiyo, na hii ya sasa ni ya pili. Kozi ya juu ya matofali imeanza kumong'onyoka. Katika chumba cha tatu umeota mpapai, na umeshazaa. Niliupita wiki hii nikaona watoto wanaangua mapapai ndani ya chumba ambacho mabinti zetu wangekuwa wamelala. Moyo uliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Zipo sauti zinazosema kwamba wasichana wa mbali wapange vyumba karibu na shule. Tulijaribu. Mwaka jana tulimpangia mpwa wangu geto pamoja na wenzake wawili, shilingi 20,000 kwa mwezi, mbali na unga na mafuta ya taa. Mlango ulikuwa wa mbao za maboksi, kufuli yake inafungwa kwa nje tu. Usiku walikuwa wanausogezea ndoo ya maji ili ukisukumwa wasikie. Mwezi Agosti, saa 7 usiku, ulisukumwa. Ndoo ilianguka, wakapiga kelele, majirani wakatoka, na aliyeusukuma hakupatikana mpaka leo. Kesho yake nilimfuata mpwa wangu, na ndiyo maana anatembea kilometa 18. Mwenzake mmoja, ambaye kwao ni mbali zaidi kuliko kwetu, hakuwa na pa kurudi, akabaki. Kufikia Desemba alikuwa mjamzito.

Najua sheria inamtishia mwanamume aliyefanya hivyo kifungo cha miaka 30. Najua pia kwamba waraka wa mwaka 2021 unamruhusu binti yule kurudi shuleni baada ya kujifungua, na nimekwenda kwa wazazi wake mara mbili kuwaeleza hivyo. Mara ya pili mama yake aliniuliza, akirudi atalala wapi. Nilimwambia nitauliza. Ndiyo ninakuuliza.

Sijui kwa hakika kilichokwamisha bati letu, na sitaki kumsingizia mtu. Pengine fedha zilihamishiwa kwenye madarasa wakati wanafunzi wa kidato cha kwanza walipoongezeka, jambo ambalo ningelielewa kama mngetuambia. Wengine wanahisi kwamba mhandisi aliona kasoro katika kuta zetu akaandika ripoti ambayo hatukuoneshwa. Wengine wanasema ni kwa sababu hatuko kando ya barabara ya lami, na wageni wakubwa hawapiti huku. Katika kila kilo ya ufuta na korosho inayouzwa mnadani Halmashauri hupata ushuru wake wa asilimia 3, nasi hatujawahi kuugomea, hivyo tunashindwa kuelewa tunapoambiwa kwamba mapato ya ndani hayatoshi kwa mbao, misumari na mabati ya vyumba 8. Kukosekana kwa maelezo ndiko kulikonipandisha mimi kizimbani. Katika mkutano wa kijiji wa mwezi uliopita kijana mmoja alisimama akasema kwamba kamati imekula. Nililisoma daftari lote kwa sauti, jina kwa jina, ndoo kwa ndoo, kwa muda wa saa nzima, na nilipomaliza aliniuliza, "Sasa bati liko wapi, mzee?" Nina umri wa miaka 58 na sijawahi kuitwa mwizi. Mke wangu ameniambia nijiuzulu. Siwezi kujiuzulu, kwa kuwa nikilikabidhi daftari hili hakuna atakayelisoma tena.

Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaiondoa kwa kidato cha tano na cha sita. Imejenga shule za wasichana za sayansi mikoani. Tunashukuru kwa dhati, na mpwa wangu anazijua shule hizo kwa majina kama wengine wanavyojua wachezaji wa Simba na Yanga. Lakini huwezi kuifikia shule ya kidato cha tano bila kupita kidato cha nne, na kidato cha nne cha huku kinapita katika korongo lile. Mzazi wa yule mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa mgongoni amekwisha sema kwamba binti yake hatakwenda shule mpaka mvua ziishe. Nilimsihi, akanijibu kwamba anaye mmoja tu.

Ombi langu ni moja, na ukiniruhusu nitalirudia: paueni hosteli. Lipu inaweza kusubiri, rangi inaweza kusubiri, hata vitanda vinaweza kusubiri, kwa sababu wasichana wetu wako tayari kulala kwenye mikeka, nami nimewauliza. Muhula wa pili unaanza Julai. Wakiingia wakati huo watakuwa na miezi minne kamili kabla ya mtihani, miezi minne ya kusoma usiku na kuamka saa 12 asubuhi kama watoto wengine. Wananchi wako tayari kubeba mbao kutoka barabara kuu hadi eneo la ujenzi bila malipo. Mafundi wawili wa kijiji wamekubali kulipwa baada ya mauzo ya ufuta. Kilichobaki kiko kwako.

Mkutano ujao wa kijiji ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi Aprili, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nakuomba uje, na kama huwezi kuja utume barua yenye tarehe, nami nitaisoma mbele ya watu wote na kuibandika ndani ya daftari. Mpwa wangu hajui kwamba nimeandika haya. Hivi ninavyomalizia yuko uani, ameanza daftari jipya la kijani, ananiuliza kama nakumbuka mkorosho wenye kitambaa chekundu ulipuliziwa tarehe ngapi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Kamati ya Ujenzi wa Hosteli ya Wasichana