Barua ya wazi kwa madereva wa bodaboda: mfupa wa ugoko hauungwi kwa kukandwa

Wanangu wa vijiweni,

Salaam nyingi. Leo naandika kuhusu mfupa mmoja tu, wa ugoko. Ajali zenu huuvunja mara nyingi, na kinachouharibu zaidi ni yale mnayoufanyia baadaye.

Kwanza mjue kilichovunjika ni nini. Chukua mfupa mwembamba wa kuku, uloweke kwenye siki siku nne au tano. Utapinda kama mpira, maana siki imeyayeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti. Mwingine uchome mpaka uwe mweupe: umbo litabaki, lakini ukiubonyeza unasagika, kwa kuwa moto umekula kolajeni, zile nyuzi za protini. Mfupa wako ni vyote viwili, madini yakiwa takriban theluthi mbili ya uzito wake. Tena una uhai: una mishipa ya damu, umevikwa utando wenye hisia, na ndani yake seli nyingine hubomoa mfupa mkuukuu huku nyingine zikijenga mpya, maisha yote.

Ukivunjika, damu huvuja na kuganda palepale. Donge hilo mnaambiwa ni damu chafu, likandwe litoke. Hapana, ndilo msingi wa kuungia. Ndani ya wiki ya pili na ya tatu seli huligeuza kuwa nyuzi na gegedu (mfupa laini unaopindika), fundo linaloshika ncha mbili. Kuanzia wiki ya nne hivi madini huingia na fundo huanza kuwa mfupa. Hivyo ndivyo ugoko wako ulivyoumbwa tumboni mwa mama, gegedu kwanza, mfupa baadaye; mwili unarudia kazi unayoijua.

Sasa anayekukanda na kukunyoosha wiki ya tatu anachana gegedu hilo. Likichanwa mara kwa mara, ncha hazishikani tena, na mguu unabaki ukicheza mahali pasipo na kiungo. Mafuta ya mkandaji hayana kosa, kosa liko mikononi.

Ugoko wa mtu mzima huchukua kwa kawaida wiki 16 hadi 20, na zaidi kama kulikuwa na kidonda. Mwenzako aliyevunjika mkono akafunguliwa wiki ya 6 asikutie presha. Papasa theluthi ya chini ya ugoko wako: ngozi, kisha mfupa. Hakuna nyama ya kuuletea damu ya kutosha.

Siku ya ajali yenyewe, mfupa ukiwa umetoka nje msiusukume ndani. Funikeni kwa kitambaa safi, fungeni mguu kwenye ubao kutoka juu ya goti hadi chini ya kifundo, na majeruhi asipakizwe mshikaki. Dawa ya kuua bakteria inatakiwa ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, pamoja na kinga ya pepopunda.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Ikivimba humo, inajinyonga. Dalili ni maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, ganzi, na ukivutwa vidole vya mguu kwenda juu unapiga kelele. Usingoje vidole viwe vya baridi, hapo umechelewa. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa moja kwa moja. Rudi hospitali usiku huohuo, hogo, yaani plasta ngumu uliyofungwa, lipasuliwe mpaka kwenye ngozi. Mbao za mganga zilizokazwa mno huleta balaa hilohilo.

Hogo huwa gumu kwa dakika chache tu, ila hukauka kabisa baada ya siku 2 au 3. Usilikanyagie kabla, wala usilianike motoni. Ukiwashwa, usichokonoe kwa spoku. Aliyewekewa chuma ndani ya mfupa huenda akaruhusiwa kukanyaga mapema, tena uzito kiasi humsaidia. Wa hogo asimuige.

Supu ya kongoro? Kunyweni, ni tamu, lakini tumbo huisaga kama protini nyingine yoyote na kalsiamu yake ni kidogo. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, mayai na maharage ndivyo vya kutegemea. Sigara acheni kabisa mpaka mfupa uungane, maana hubana mishipa ya damu na kuuchelewesha.

Kurudi barabarani hakuamuliwi na kalenda. Eksrei ya mbele na ya ubavuni huonyesha kuta nne za mfupa. Angalau tatu ziwe zimeungana, nawe uweze kusimama kwa mguu huo peke yake bila maumivu. Ukiwa ni wa kulia, kumbuka ndio wa kiki na breki ya nyuma. Hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, isikutoe kitandani wiki ya 8: ongea naye mapema, deiwaka, dereva wa muda, aishike pikipiki.

Mzee wenu