Wachungaji wetu wafundishwe kuandika jamani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nitoe la moyoni. Mi ni mzee wa kanisa na ndo katibu wa usharika wetu huku Morogoro, mwaka wa sita sasa, kwa hiyo ninachosema sijahadithiwa.

Mwezi uliopita mchungaji wetu alituma meseji kwenye grupu la usharika, "Jumamosi maombi ya kufunga wote tuwepo saa 2". Basi, imeisha hiyo. Tarehe hakuna, saa 2 ya asubuhi au ya usiku hajui mtu. Sasa tulikuwa tunamalizia semina ya wiki nzima, nusu ya watu wakaelewa ni maombi ya kufunga semina, kina mama wakapika na pilau kabisa la kuagana, nusu nyingine wakaelewa ni kufunga ile ya kutokula, wakaja midomo imewakauka tangu jana yake. Vijana wa kwaya wao walitokea saa 2 usiku na vyombo vyao wakamkuta mlinzi ndo anafunga geti. Lile pilau lilinukia mpaka madhabahuni Mhariri, mzee mmoja aliyekuwa kwenye mfungo akaninong'oneza, "katibu, hili ni jaribu au ni ratiba?"

Tulicheka sana siku ile, ila mi nikabaki nawaza. Huyu huyu mchungaji ukimpa maiki anahubiri saa nzima bila hata kikaratasi na watu wanatoka wanafuta machozi. Tatizo anaandika vile vile anavyohubiri. Mimbarani ukisema kitu watu wasikielewe unaona nyuso zao, unarudia, unapandisha sauti, unasema mwambie jirani yako, barua haina hiyo nafasi, ikishatoka imetoka. Kuna siku tulipeleka barua ya kuomba kibali cha mkutano wa injili wa nje, ukurasa wa kwanza wote ni salamu na mistari ya Biblia, ombi lenyewe liko chini kabisa ya ukurasa wa pili limebanwa na muhuri, na tarehe za mkutano hazipo. Afisa akanipigia simu, "mzee, mimi nimebarikiwa, ila mnaomba nini?"

Hayo ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni vyeti. Cheti cha ubatizo watu wengi wanakiona karatasi ya kanisani tu, lakini mtu mzima akitafuta cheti cha kuzaliwa pale RITA, wakala wa serikali wa usajili, hicho nacho ni moja ya vielelezo anavyoweza kuambatanisha. Sasa nimeshaona mtu kaandikwa Grolia wakati shuleni kote ni Gloria, kosa la sekunde mbili, mwenye jina kazunguka kwa mwanasheria kutafuta hati ya kiapo, nauli juu yake. Na wasifu wa marehemu ndo usiseme, mtu anachukua ule wa msiba uliopita anabadilisha jina, mama wa watu anasomewa kaburini kwamba ameacha mjane na watoto wanne!

Najua kuna watakaosema kazi ya mchungaji ni neno na sio kalamu. Sawa, ila hilo neno limetufikiaje? Vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka, yaani ni barua. Chukua ile ya Filemoni, aya 25 tu, inaenea kwenye karatasi moja. Paulo anasalimia, anamshukuru mwenzake, halafu anasema anachotaka, kwamba namwombea Onesimo, yule mtumwa wako, umpokee, kama ana deni lako niandikie mimi nitalipa, na kabla hajamaliza anasema niandalie na chumba nakuja. Huyo Filemoni hakuwa na haja ya kumuuliza mtu Paulo anataka nini. Na hapa kwetu makanisa ndo yalikuwa ya mwanzo mwanzo kuchapa magazeti ya Kiswahili, Msimulizi lilitoka Kiungani kule Unguja mwaka 1888, Pwani na Bara la wamisionari wa Kijerumani likaja 1910. Kalamu sio kitu kigeni kanisani hata kidogo.

Ombi langu liende kwa vyuo vya theolojia. Wanafunzi wanasomeshwa Kigiriki, wanasimamishwa kuhubiri mbele ya wenzao na wanakosolewa hapo hapo, vizuri sana, basi na barua wafanyiwe hivo hivo, mtu asome barua yake darasani halafu wenzake waseme kwa sentensi moja anaomba nini, wakishindwa arudie. Kwa ambao tayari wako kazini, kila usharika hauwezi kukosa mwalimu mstaafu kwenye mabenchi, apewe aipitie barua kabla haijagongwa muhuri. Aibu iko wapi, Warumi 16 Tertio anajitaja wazi kwamba yeye ndo aliyeuandika ule waraka wa Paulo, na Paulo hakupungukiwa kitu.

Shida ni nani wa kumwambia Baba Mchungaji. Mimi baada ya lile pilau nilimfuata ofisini na chai yake, nikamwambia, Baba, zile meseji kabla hujazituma uwe unanionyesha. Akanyamaza. Siku tatu salamu za kichwa tu, nikajua hapa ukatibu umeisha. Siku ya nne, saa 5 usiku nimeshalala, simu ikalia, kanitumia tangazo la kikao cha wazee niliangalie kwanza: siku, tarehe, saa 4 asubuhi, ukumbi mdogo, ajenda mbili. Na chini kabisa ameongeza, "Watu waje wamekula."

Mzee wa kanisa,
Morogoro