Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na maelezo kamili kuhusu ile pesa ya mfuko

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo. Hii ndio taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wenye shida ya macho, vile katiba inataka. Nimeiandika hapa kwa grupu bila picha na bila zile emoji juu kuna wenzetu wanasomewa na simu, na ile sauti ikifika kwa emoji inaanza kusema vitu haieleweki.

Mambo ya kawaida nitapita mbio. Mikutano ya kila miezi mitatu ilifanyika. Machi tulikuwa na wiki ya glaukoma, ule ugonjwa wa kuua neva ya jicho, mara nyingi juu ya presha ya ndani ya jicho, Oktoba siku ya macho duniani, tukapima watu pale nje ya soko, mliokuja mliona wenyewe. Tulizika wenzetu wawili, Mungu awalaze pema. Daktari alikuja kutufundisha kuweka matone na bado kuna watu wanaweka matatu wakidhani ndio dawa itashika, jamani tone moja linatosha, jicho halina pahali pa kuweka la pili, hayo mengine yanateremka shavuni na hiyo ni pesa yako inashuka hivo.

Pesa: tulianza na kama Ksh 310,000, michango na ile harambee zikaleta kama 450,000, zikatoka kama 520,000. Mweka hazina ana vitabu na risiti, mwenye anataka kuona aje aone, lakini aje, asiulize usiku wa manane hapa kwa grupu.

Sasa tuje kwa ile maneno.

Mnajua kuna mama mmoja mwenzetu, jina silitaji, mwenye kijana wake ana ule ugonjwa wa kurithi wa retina, ile ngozi ya nyuma ndani ya jicho inayopokea mwangaza, wa kuanza kutoona usiku halafu pembeni kunafungika polepole. Alileta barua akiomba mfuko wa dharura umsaidie kupeleka kijana kliniki moja nje ya nchi wakamdunge seli shina kwenye macho, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kamati iligawanyika katikati na kura ya mwisho ikabaki ni yangu, nikasema hapana. Tangu siku hiyo nimeitwa majina. Ati nina roho ngumu, ati nimeuza matumaini ya mtoto wa mwenyewe. Nimenyamaza miezi yote hiyo kwa heshima, leo nitajibu.

Kwanza, nilipiga simu huko kliniki mimi mwenyewe, na kwa salio langu, sikuitisha chama hata bob. Nikauliza, kijana ana shida kwa jeni gani, yaani sehemu gani ya ile maagizo ya urithi, na nyinyi mnatibu jeni gani? Yule dada akanijibu "zote." Nikamuuliza basi glaukoma je? Hiyo pia. Kisukari cha macho? Hiyo pia, na ukilipa mapema kuna punguzo. Sasa mimi si daktari, nimefanya kazi ya stoo miaka yangu yote, lakini mtu akiniambia ana spea moja inaingia kwa kila gari najua huyo ananiuzia nini.

Pili, hii kitu imeshafanyika kwa watu wengine na ikaandikwa. Huko Florida, Marekani, akina mama watatu wazee waliokuwa na ugonjwa wa makula, ile katikati ya retina, walitolewa mafuta tumboni, zikatengenezwa ati seli shina, wakadungwa macho yote mawili siku moja. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Madaktari walioletewa hao wagonjwa baadaye waliandika kila kitu kwa jarida kubwa la udaktari mwaka wa 2017: damu ndani ya jicho, retina kubanduka, presha kupanda, macho yakaharibika kabisa au karibu kabisa. Waliingia wakiona kidogo wakatoka hawaoni. Na kitu chenye kiliniuma ni kwamba kuna mmoja wao, kama si zaidi, alidhani ameingia kwa utafiti. Enyewe utafiti wa ukweli haukulipishi ndio ujaribiwe, na hakuna daktari wa utafiti atakushika macho yote mawili siku moja, anaanza na lile bovu zaidi angoje aone.

Sijasema seli shina ni uongo. Japani walipandikiza seli za retina kwa mgonjwa wa kwanza mwaka wa 2014, mgonjwa mmoja, jicho moja, na wakaenda polepole sana. Hiyo ndio tofauti.

Na wale wanasema "lakini kuna dawa ya jeni imepatikana," ndio, ipo, naijua kuliko wengi wenu mnavyofikiria. Inaitwa Luxturna, Marekani waliipitisha Desemba 2017. Wanachukua kirusi kisichodhuru, wanakibebesha nakala nzuri ya jeni, wanadunga chini ya retina. Lakini ni ya jeni moja tu, RPE65, na huu ugonjwa wa kurithi una jeni nyingi, zimepita 50, kila familia na yake. Na ilipotoka bei ilikuwa dola 850,000 macho yote mawili, hiyo ni zaidi ya milioni mia moja za kwetu. Tungeuza hata viti vya chama hatungefika. Ndio maana nilipendekeza, na iko kwa minitsi mkasome, tumsaidie huyo mama nusu ya gharama ya kupima jeni za kijana, ili siku dawa yake ikitoka au utafiti ukitafuta watu wa aina yake ajulikane yuko wapi. Hiyo pesa imelipwa. Hiyo hamkuiandika kwa grupu.

Tatu, na hapa ndio kelele kubwa, ati pesa tulimnyima mama tukapigia watu leza. Ni kweli tulilipia wenzetu kadhaa wa glaukoma leza, iligharimu kama Ksh 180,000, na nitawaambia kwa nini. Hiyo leza inaitwa SLT. Unakaa kwa mashine kama ile ya kawaida ya kupima, unaweka kidevu, dakika chache zimeisha, hakuna kisu. Mwangaza unaenda kwa kile kichujio cha kutolea maji ya jicho, unaamsha seli za pale, maji yanaanza kutoka vizuri na presha inashuka. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wakatoa majibu 2019, karibu watu 3 kwa kila 4 walioanzia leza walikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone. Najua mtasema hiyo ni ya wazungu. Sawa, twende hapa Moshi, hospitali ya KCMC, Tanzania, majirani zetu. Wao walilinganisha leza na matone ya timolol, majibu yakatoka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho na matone asilimia 31. Mara mbili, na hao ni watu kama sisi, wanaotoka kijijini na matatu, wenye dawa ikiisha tarehe 20 wanangoja mwisho wa mwezi.

Leza hairudishi macho yaliyoenda. Nimesema hiyo kwa kila mkutano na naisema tena kabla mtu hajaniwekea maneno mdomoni. Neva ya jicho ikikufa imekufa. Na kuna mtu leza haimshiki, na hata ikishika nguvu yake huisha baada ya miaka, unaweza kurudia. Lakini ni kitu kimepimwa, kiko hapa hapa Nairobi, na daktari ndiye alichagua nani aende kulingana na presha na vile neva inaonekana. Sikuchagua mimi. Ati nilipeleka watu wa mtaa wangu wa Umoja, ni kweli wawili wanatoka Umoja, Umoja ni kubwa jamani. Mimi mwenyewe nina glaukoma na sikupigwa hiyo leza, bado naweka matone yangu asubuhi na jioni na nayanunua mwenyewe. Na kama hamjui, bei tuliyopewa ilipunguzwa juu kuna mtu alienda kukaa kwa korido ya huyo daktari mpaka akasikizwa. Huyo mtu ndiye anawaandikia.

Kuna mwenzetu pia alituma ile video ya miwani ya kamera na chipu ndani ya jicho, akauliza kwa nini kamati "imelala." Ile kitu inaitwa PRIMA, majibu yalitoka Oktoba 2025, waliwekewa wagonjwa 38 huko Ulaya, chipu ya milimita 2 kwa 2 chini ya retina, na kati ya 32 waliofika mwaka mmoja, 26 waliweza kusoma herufi ambazo mwanzo hawakuziona. Nilifurahi kabisa, sitaki kudanganya. Lakini ni ya wazee wenye makula iliyokauka, si glaukoma, na kwa kijana wetu pia bado. Kamati haijalala, inasoma mpaka mwisho wa video.

Mahudhurio sasa. Tuko 84 kwa daftari. Mkutano wa Septemba tulilipia ukumbi wa kanisa, tukaweka chai na mandazi ya watu sitini, tukaja 19, na wawili kati yao walikuwa watoto waliowaleta wazazi. Mandazi tulimpatia mlinzi na bado yakabaki. Siku hiyo daktari alikuwa amekuja kuongea na wenye sukari, kwamba ukiwa na sukari retina ipigwe picha kila mwaka hata kama unaona mpaka Ngong, na kwamba siku hizi kuna kompyuta inasoma hizo picha yenyewe, Marekani waliruhusu ya kwanza 2018. Wenye sukari hapa tunawajua. Waliokuja ni watatu. Halafu Desemba mmoja wa wale hawakuja ananipigia ati anaona utando mweusi.

Ada ni Ksh 200 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 31. Wengine wana deni la miaka miwili na ndio wanaongoza kwa kuuliza pesa ya mfuko imeenda wapi. Haikuenda popote, haikuja.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza watu wa leza, kuongea na watu wa kaunti tuone kama tutapata kahema ka kupima, na ile mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, katibu ataifuatilia aone macho yanalipiwa kiasi gani. Pia tungependa daftari la wenye magonjwa ya kurithi, tutaangalia.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne, pale pale. Nimesikia kuna watu wanataka hiki kiti, ni haki yao. Fomu ziko kwa katibu, na kabla ya kupewa fomu ataangalia kwanza kama umelipa ada.