Barua kutoka Marseille: kabla ya kutoka, ulizeni upepo

Marseille, 9 Machi 2025

Baba na Mama, shikamooni,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, na habari ya viza zenu kutoka imetufurahisha mno. Kwa kuwa mtafika katikati ya Mei, na siku mbili za katikati ya wiki mtashinda peke yenu mpaka jioni, nawaandikia mapema jinsi mji huu unavyotembewa. Someni pole pole, na Baba apige mstari panapostahili.

La kwanza ni upepo. Kwetu kaskazi na kusi zina miezi yake, mtu anaweza kupanga safari ya Pemba kwa kalenda. Upepo wa huku unaitwa mistral, nao hauna ahadi. Huja mwezi wowote, ingawa hukaza zaidi wakati wa baridi na miezi inayofuata. Hewa baridi ya kaskazini hubanwa kati ya milima ya Alps na nyanda za juu za katikati ya Ufaransa, ikateremka bonde la mto Rhône kama maji ndani ya mfereji, ikavutwa baharini na mgandamizo mdogo wa hewa ulioko upande wa Genoa, Italia. Kasi yake yaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Wenyeji husema huhesabiwa kwa tatu: siku tatu, sita au tisa. Msiichukulie hesabu hiyo kama sheria, lakini ukishaanza asubuhi, msitarajie utulie mchana.

Kinachowaponza wageni ni anga. Kwetu mtu huogopa wingu jeusi. Huku mistral hufagia mawingu yote. Mtaamka mkute mbingu ya buluu, jua limewaka, milima ya mbali inaonekana kama iko mlangoni, mseme leo ndiyo siku ya boti. Kumbe ndiyo siku ambayo boti hazitoki. Kwa hiyo msitazame jua, tazameni utabiri wa Météo-France kwenye simu. Mkiona herufi NO, maana yake ni kaskazini-magharibi, kwani magharibi kwa Kifaransa huanza na O. Kisha kuna tarakimu mbili, ya kasi ya kawaida na ya dharuba, ambayo wao huiita rafales. Ifuateni ya dharuba. Ikivuka kilomita 50 kwa saa, mimi huhesabu kwamba visiwani hakuendeki.

Mavazi nayo yafuate upepo. Mei mchana huwa nyuzi 20 na ushei, jioni hushuka, na mistral huongeza baridi. Leteni koti jepesi lisilopitisha upepo kila mmoja. Mwavuli uacheni, utapinduka. Mama, ushungi ubane kwa pini mbili. Baba, kofia yako ya kiua ibaki kwa ajili ya ndani. Nje vaa ya kufunika masikio.

Siku ya kufika, barua rasmi ya mwenyeji, bima na tiketi ya kurudi viwe mkononi, si kwenye sanduku, maana askari wa mpakani anaweza kuviomba hata kama viza imeshagongwa. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 25 nje ya mji. Nitakuja kuwapokea, ila ndege ikichelewa nami nikawa kazini, pandeni basi liendalo Saint-Charles, stesheni kuu ya treni. Ni nusu saa hivi. Hapo mbele kuna ngazi kubwa maarufu, vipandio 104. Msizishuke na mizigo. Ingieni ndani ya stesheni mteremke kwenye metro, mstari wa M1, kituo cha pili ndicho Vieux-Port, yaani Bandari ya Zamani. Kadi zenu za usafiri mtazipata kwangu baadaye, na kila mpandapo zigusisheni kwenye mashine, hata mkiunganisha tu kutoka metro kwenda basi. Wakaguzi hawasikilizi udhuru wa ugeni.

Sasa bandari yenyewe. Wagiriki kutoka Phocaea, ambayo leo iko Uturuki, walifika kama mwaka 600 kabla ya Kristo wakaiita Massalia. Mkisimama ukingoni mtaona mara moja kwa nini walipachagua: ni ghuba ndefu iliyoingia nchi kavu, mlango wake unatazama magharibi, na vilima vya upande wa kaskazini vinaukinga mistral. Baba atashangaa kitu kingine. Maji hayapwi. Hapa hakuna bamvua wala maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo mno, ndiyo maana boti zimefungwa usawa mmoja na gati mchana kutwa. Bahari hii imetulia kiasi kwamba Wafaransa waliipima hapa hapa, kuanzia 1885 hadi 1897, kupata sifuri ya kupimia urefu wa milima ya nchi yao.

Asubuhi, upande wa ndani kabisa wa bandari, wavuvi huuza samaki mezani. Nendeni kabla ya saa nne. Siku ya mistral meza huwa chache au hakuna, kwa sababu mashua ndogo hazikutoka. Hapo pia mtaona paa kubwa la chuma linalong'aa kama kioo, kazi ya msanifu majengo Norman Foster ya mwaka 2013; inueni macho mjione mmesimama kichwa chini.

Kutoka hapo fuateni ukingo wa kulia, mkielekea baharini, hadi jumba la manispaa la karne ya 17, kisha pandeni Le Panier, mtaa mkongwe kuliko yote. Vichochoro vyake vitawakumbusha Mji Mkongwe: vyembamba, vinapinda, nguo zimeanikwa juu. Upinde huo huvunja nguvu za upepo, kwa hiyo hata siku mbaya mtaa huu unatembeka. Lakini kabla ya kupanda, tazameni nyumba za kati ya manispaa na mlango wa bandari. Ni mpya, zimenyooka, hazifanani na za juu. Januari 1943 Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi, wakisaidiwa na polisi wa Kifaransa, waliwatoa watu kama 20,000 katika mtaa huo, na mwezi wa pili wakaulipua kwa baruti, nyumba kwa nyumba. Wayahudi karibu 800 walipelekwa kuuawa Sobibor, kambi ya mauaji huko Poland. Manispaa iliachwa, na nyumba moja ya mawe yaliyochongwa kama almasi, Maison Diamantée. Wageni wengi hupita hapo wakitafuta kahawa. Ninyi simameni kidogo.

Juu, katikati ya Le Panier, ingieni La Vieille Charité, jengo la mawe ya waridi lililobuniwa na Pierre Puget, lililoanza kujengwa 1671 kwa ajili ya kuwafungia maskini. Ua wake umezungukwa na baraza za ghorofa tatu, na ni pazuri pa Mama kupumzisha magoti.

Mistral ukiwakuta siku nzima, msikae ndani kwa huzuni. Jumba la historia la mji liko dakika tano kutoka bandarini, ndani ya jengo la maduka la Centre Bourse. Wajenzi walipochimba hapo 1967 walikuta gati la kale, na leo mnaweza kuliona bustanini pamoja na merikebu ya Kirumi iliyohifadhiwa ndani. Hufungwa Jumatatu. Lile jumba jeusi la makumbusho lenye ukuta kama wavu, Mucem, hufungwa Jumanne, basi msichanganye. Daraja lake jembamba la kwenda ngome ya Saint-Jean huzibwa upepo ukizidi.

Siku tulivu ndiyo ya Château d'If, ngome ya kisiwani iliyojengwa karne ya 16, ikawa gereza. Boti hutoka Bandari ya Zamani na safari ni kama dakika 20. Tiketi ya boti ni mbali na ya kuingia ngomeni. Tatizo la If ni gati lake, dogo na limekaa wazi: bahari ikichafuka kidogo tu boti haiwezi kushusha watu, inapitiliza hadi visiwa vya Frioul. Kwa hiyo ulizeni dirishani asubuhi ile ile, "If imefunguliwa?", kabla ya kulipa. Chukueni boti ya mapema ili mrudi kabla ya mchana kuingia upepo.

Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko kileleni, kama mita 150 juu ya bahari. Msipande kwa miguu. Basi namba 60 linawafikisha karibu, ingawa ngazi bado zipo. Ndani wameninginiza vijimfano vya merikebu, shukrani za mabaharia waliookoka. Ukutani nje kuna alama za risasi za Agosti 1944, mji ulipokombolewa kutoka kwa Wajerumani.

Chakula: supu ya bouillabaisse ya kweli huagizwa siku moja au mbili kabla, huletwa sahani mbili, mchuzi wa zafarani kwanza na samaki baadaye, na mhudumu huwaonyesha samaki wazima kabla ya kuwakata. Akikosekana yule mwekundu wa miiba ya sumu, rascasse, basi hiyo siyo. Bei yake ni kubwa, na ile ya bei poa ubaoni ni supu ya samaki tu. Ulizeni pia kama wametia mvinyo. Cha kila siku ni panisse, unga wa dengu uliosongwa, ukapoa, ukakatwa na kukaangwa. Mama ataujua kwa harufu. Nyama ya halali, bamia, mihogo na nazi vipo soko la Noailles, mwendo mfupi kutoka bandarini. Hapo mtasikia Kikomori, maana Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, ni wengi sana hapa. Wa kwanza walikuja kama mabaharia wa meli za Messageries Maritimes, kampuni ambayo meli zake zilikuwa zikitia nanga Unguja.

Kwa ajili ya meli hizo nataka mfike La Joliette, bandari mpya ya karne ya 19, kwenye maghala marefu ya mita 365. Mbata na ufuta wa pwani yetu vilishushwa mji huu, vikakamuliwa mafuta, vikapikwa sabuni. Sabuni ya Marseille huchemshwa kwa mafuta na magadi makali katika sufuria kubwa siku kadhaa, ikaoshwa kwa maji ya chumvi, ikapozwa, ikakatwa vipande na kukaushwa. Mkinunua za zawadi, jina lake halilindwi na sheria, kwa hiyo someni mgongoni: mafuta 72 kwa mia, viungo vichache, bila manukato wala rangi. Ya kijani ni ya zeituni. Nyeupe mara nyingi ina mafuta ya mawese au nazi. Zenye rangi za waridi na harufu kali zilizopangwa bandarini, ziacheni.

Nijibuni mawili: Mama anaweza ngazi ngapi bila kupumzika, na Baba anataka If siku ipi kati ya Jumanne na Alhamisi. Nitawashikia siku zote mbili, tukitazama upepo usiku wa kuamkia.

Nisalimieni majirani wote.

Wasalaam,
Mwanenu