Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru, 2025

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, na hasa nyinyi mliodamka alfajiri kutoka Molo, Gilgil na Kericho, hamjambo. Asanteni kwa kufika.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 10. Aprili mvua ilituzuia, na Desemba kila mtu alikuwa ameenda mashambani. Tulitembea Menengai mwezi wa Februari na wote wakafika ukingoni, hata waliokuwa wiki ya kumi baada ya upasuaji. Mtaalamu wa lishe alikuja mara mbili kutukumbusha yale yale: protini kwanza, isipungue gramu 60 kwa siku, maji yasichanganywe na chakula, ngoja nusu saa, na akina mama wanaotaka mtoto wasubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wanachama 7 waliolazwa Nairobi walitembelewa. Safari 5 kati ya hizo nilikwenda mimi, na 3 kwa nauli yangu mwenyewe. Naitaja kwa sababu kikao cha Septemba kiliuliza mwenyekiti hufanya kazi gani.

Sasa nije kwenye mizani.

Mwezi wa Juni niliiondoa mizani ukumbini. Niliifunga kwa leso, nikaipakia kwenye tuktuk, nikaipeleka kwangu, na hadi leo iko chini ya meza ya cherehani. Sikuitisha kura. Hilo ni kosa la utaratibu, katibu ameliandika kwenye kumbukumbu, nami nalikubali. Uamuzi wenyewe siujutii.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mtu akifika anavua viatu, anapanda, kilo zinasomwa kwa sauti na kuandikwa kwenye daftari la kijani. Aliyepungua anapigiwa makofi. Aliyeongezeka hasemwi, lakini kimya kile kila mmoja wetu anakijua. Mwezi wa Machi dada yetu wa Njoro alipanda akiwa amepungua kilo 11 kwa mwezi mmoja. Tulisimama kumshangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza anakula nini. Alikuwa hali. Alikuwa akitapika kila siku, hata uji mwepesi ulirudi, na aliona haya kusema kwa kuwa watu wote walikuwa wanamsifu. Wiki mbili baadaye mumewe alinipigia simu usiku: miguu imekufa ganzi, hawezi kusimama. Daktari alisema ni upungufu wa vitamini B1. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hiyo. Mtu akitapika wiki mbili tatu inaweza kuisha, na ikiisha mishipa ya fahamu inaumia. Leo amekuja na mkongojo wake, ameketi pale mbele, na ni yeye aliyeniambia niyaseme haya mbele yenu.

Tulimpigia makofi mtu aliyekuwa anaumwa. Silali vizuri nikikumbuka hilo.

Wa pili ni dada yetu wa Bahati, aliyefanyiwa slivu, yaani upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo, mwaka 2020. Alirudisha kilo 9. Akawa anafika mapema, lakini anasimama nje chini ya mti mpaka kupima kuishe ndipo aingie. Halafu akaacha kuja. Nilimfuata nyumbani. Alinikaribisha chai, akakaa kitambo bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Mwenyekiti, nimewaaibisha." Nilitoa kadi yangu ya kliniki mkobani nikamwekea mezani asome mwenyewe.

Kwa hiyo wale wanaosema nilificha mizani kwa sababu nimenenepa, hawakukosea kuhusu kilo. Nimerudisha 6 katika mwaka wa nne. Daktari wangu anajua, na sasa nanyi mnajua. Slivu hukata karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, na njaa hupungua sana mwanzoni, lakini haiondoi mawazo, wala misiba, wala sahani za arusi. Kilo kadhaa kurudi baada ya mwaka wa pili ni jambo ambalo madaktari wanalitarajia. Mtu huyo ndiye anayetuhitaji kuliko yule aliyetoka hospitali jana akiwa bado anasifiwa na mtaa mzima.

Mzee wetu wa Lanet alisema kwamba bila mizani tumebaki kikundi cha kunywa uji. Mzee, neno lako nimekaa nalo. Nakubali kwamba kilo zina mahali pake. Mahali pake ni kliniki, mbele ya daktari, pamoja na kipimo cha damu cha madini ya chuma na vitamini B12, kwa maana mizani haioni damu. Sisi tangu Julai kila mtu anajibu mawili tu: amemeza vidonge vyake vya vitamini mwezi mzima au la, na chakula kinakaa tumboni au kinarudi. Kwa maswali hayo mawili wanachama 3 wameenda kliniki kabla ya tarehe zao, na mmoja akakutwa na mawe kwenye nyongo. Tena watu wameanza kusema. Tumesikia habari za shangazi wanaonuna matangani, "mbona huli, chakula changu kina nini?" Tumesikia za majirani wanaonong'ona kwamba fulani amekonda hivi kwa sababu ana ugonjwa. Miaka miwili ya kusoma kilo, hakuna aliyewahi kuyataja hayo.

Anayetaka mizani irudi alete hoja leo tupige kura. Ikipita, nitairudisha Jumamosi ijayo. Ila msinipe mimi kazi ya kuzisoma kilo.

Mahudhurio yananiuma. Tumeandikishwa 41. Kikao cha Januari tulikuwa 27, Novemba tulikuwa 6, wawili kati yao wakiwa wageni wanaongoja upasuaji. Wageni hao walikuja kutafuta mtu aliyepitia baipasi, yaani upasuaji wa kuacha tumbo dogo na kuliunganisha na utumbo, wamuulize itakuwaje, na wote wanne tuliokuwepo ni wa slivu. Waliofanyiwa baipasi ni 9 na hakuna hata mmoja aliyefika. Najua mtu akipona husahau. Lakini kila mmoja wenu alishikwa mkono na mtu fulani usiku ule wa kwanza alipodhani amefanya kosa kubwa, na mtu huyo aliacha shughuli zake.

Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kwa mwezi. Waliolipa ni 23, shilingi 27,600. Wasiolipa ni 18, deni 21,600. Tulianza mwaka na 18,350. Ukumbi umechukua 15,000, uji na supu 6,400, safari za hospitali 9,200, karatasi na uchapishaji 1,850. Tumebaki na 13,500. Mweka hazina anazo risiti zote, na yeyote anayenong'ona kuhusu fedha aje azitazame hapa mchana huu kabla hajaenda nyumbani. Majina ya wadaiwa sitayasoma, ingawa kamati ilinishauri niyasome.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini kupata ukumbi wa bei nafuu, na Mungu akijalia tuwe na kikao cha waume na wake wa wanachama, maana wao ndio wanaopika. Kuna mazungumzo pia ya kununua vidonge kwa pamoja ili bei ishuke. Bado hatujafika mbali.

Fomu za uchaguzi ziko kwa katibu. Nagombea tena.

Mwenyekiti