YAH: Malalamiko ya kuuziwa jarida la karatasi lisilochapishwa tena

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uwakala wa Majarida,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Januari 2024 niliwalipa shilingi 240,000 ili niletewe kwa basi, kila mwezi kwa mwaka mzima, nakala ya karatasi ya jarida la kompyuta la Maximum PC. Hadi leo nimepokea mbili tu. Ya kwanza, ya mwaka 2023, niliikubali nikidhani imechelewa njiani. Ya pili ilibandikwa lebo ya bei juu ya tarehe ya toleo, na nilipoibandua kwa ukucha nikakuta ni ya mwaka 2021.

Nilipofuatilia ndipo nilipofahamu kuwa jarida hilo, lililoanza mwaka 1996 kwa jina la boot na kubadilishwa jina mwaka 1998, liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2023. Wachapishaji walilitangaza jambo hilo waziwazi, na sina neno nao. Ninyi ndio mliopokea fedha yangu baada ya hapo na kuniandikia risiti ya "nakala 12 za karatasi".

Mhudumu wenu alinijibu kwamba nisome kwenye simu, na jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Katika karakana yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ninawafundisha vijana wanne ufundi wa kompyuta, na jarida hulazwa mezani kando ya mashine iliyofunguliwa, kijana akashika bisibisi kwa mkono mmoja huku akifuata picha kwa kidole cha mkono wa pili, hata umeme ukikatika. Toleo moja la zamani, lenye Dream Machine, ile kompyuta ambayo waandishi wa jarida walikuwa wakiiunda kila mwaka kwa vifaa bora vya wakati huo, lina alama za vidole vyenye grisi ya prosesa za kila kijana aliyepita mikononi mwangu.

Naomba nirejeshewe shilingi 220,000, yaani thamani ya nakala kumi ambazo hazikuletwa na ile iliyofichwa tarehe, na mliondoe tangazo la jarida hilo ambalo bado mnalitumia. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaifikisha risiti pamoja na lebo hiyo, ambayo nimeihifadhi, kwenye Tume ya Ushindani.

Wenu,
Fundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya.