Mafundi wapime kwanza kabla ya kutoboa kichwa cha gitaa la besi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wapiga gitaa la besi, na hasa mafundi wanaowahudumia, kuhusu ufunguo wa kushusha sauti ya uzi mnene. Ni kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua kwa hamu, kisha wakakikatia tamaa kwa sababu kilifungwa vibaya, ilhali chenyewe hakina kosa.

Kwa wasiokifahamu, gitaa la besi la nyuzi nne hutyuniwa kwa sauti za E, A, D na G kuanzia uzi mnene, na ndivyo ilivyokuwa tangu mtengenezaji Leo Fender alipoleta gitaa lake la besi liitwalo Precision Bass mwaka 1951. Wimbo ukiwa katika D, mpigaji hukosa D ya chini kabisa, ile ya mitetemo 36.7 kwa sekunde, kwa kuwa uzi wake mnene unaishia kwenye E ya mitetemo 41.2. Anaweza kununua gitaa la nyuzi tano, lakini shingo yake ni pana na mkono uliozoea nne huanza kujifunza upya. Anaweza pia kuzungusha ufunguo wa kawaida, ule unaokaza na kulegeza uzi, kati ya wimbo na wimbo, huku bendi nzima ikimsubiri. Ufunguo wa kushusha, ambao ule wa kampuni ya Hipshot ya Marekani ndio unaojulikana zaidi, una wenzo mdogo nyuma ya kichwa cha gitaa: ukiusukuma, mhimili unaoshika uzi huzunguka kidogo, uzi hulegea hadi D, na ukiurudisha unapata E yako. Mpiga besi Michael Manring anapiga besi yenye funguo za namna hii kwenye nyuzi zote nne na hubadilisha sauti katikati ya kipande, kwa hiyo anayesema kifaa hiki hakiaminiki anapaswa kwanza kuuliza kilifungwaje.

Nasema hivi kwa uchungu. Fundi niliyempelekea gitaa langu aliung'oa ufunguo wa zamani, akaweka mpya, akaona matundu ya skrubu hayaelekeani, na papo hapo akashika drili. Keekee aliyotumia ilikuwa nyembamba mno kwa skrubu zile, naye akazilazimisha kwa bisibisi; moja ikakatika kichwa ikabaki ndani ya mbao, na kutoka kwenye tundu lake ukatokea ufa mwembamba kama unywele, ukafuata nyuzi za mbao hadi ukingoni. Alipomaliza ndipo tukagundua kwamba wenzo unagonga ufunguo wa jirani na hauwezi kufika mwisho wa safari yake. Ufa ule bado upo, na kila ninapobadilisha nyuzi kidole changu huupitia.

Haya yote yangeepukwa kwa dakika chache za kupima. Funguo hizi ziko za aina nyingi, nyingine kwa vichwa vyenye funguo zote upande mmoja na nyingine kwa vile vyenye mbili kila upande, na kipenyo cha tundu la mhimili hutofautiana kati ya gitaa na gitaa. Kwa hiyo ufunguo mpya uwekwe mahali pake bila skrubu yoyote, wenzo uzungushwe wote mbele na nyuma, na itazamwe kama unapita bila kugusa kitu. Mara nyingi, aina sahihi ikichaguliwa, matundu ya zamani huelekeana na hakuna haja ya kutoboa. Ikibidi kutoboa, keekee iwe na unene wa kiini cha skrubu bila meno yake, izungushiwe utepe kuonyesha kina cha kuishia, na skrubu ipakwe sabuni kidogo kabla ya kuingia.

Uzi nao uwe mpya, kwa sababu wa zamani umekwisha kujikunja na huenda ukawa mfupi. Uukunje kwanza mahali utakapoukatia, ukiacha kama sentimita 12 kupita mhimili, ndipo ukate. Ukiukata ukiwa umenyooka, waya uliouzunguka hufumuka na uzi hupoteza uhai wake. Wenzo ukiwa haujasukumwa, tyuni E kwa ufunguo. Usukume wenzo, kisha utafute D kwa kuzungusha kiskrubu kinachozuia wenzo, wala si kwa ufunguo, maana ukigusa ufunguo E nayo itasogea. Uvute uzi kwa mkono mara kadhaa, kisha urudie yote hadi sauti zitulie.

Wengi hulalamika kwamba E hairudi sawasawa. Karibu kila mara nilipochunguza lalamiko hilo, niliona uzi unakwama kwenye mfereji pale shingo inapokutana na kichwa. Risasi ya penseli ikipakwa ndani ya mfereji huo husaidia sana, na mfereji ukiwa mwembamba kuliko uzi hauna budi kupanuliwa kwa tupa na mtu anayejua kazi.

Mpigaji naye ana wajibu wake. Kushuka kutoka E hadi D huondoa karibu moja ya tano ya mkazo wa uzi, hivyo anayepiga kwa nguvu atasikia uzi ukigonga freti (vile vijiti vya chuma vinavyovuka shingo), na sauti ikipanda kidogo mwanzoni kabla ya kutulia. Alegeze mkono, au abadilishe uzi wa unene wa inchi 0.105 kwa wa 0.110. Akumbuke pia kwamba G iliyokuwa freti ya tatu sasa iko ya tano, na A imehamia ya saba. Mimi huhakiki D yangu kwa kugusa uzi mnene juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, nikilinganisha mlio wake na uzi wa D ulio wazi. Zikitofautiana hata kidogo, masikio husikia wimbi likipanda na kushuka.

Ombi langu kwa mafundi ni moja. Kabla skrubu ya kwanza haijaingia kwenye mbao, mwiteni mwenye gitaa aje auzungushe wenzo kwa mkono wake mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Mpiga besi